Kisangani: ukuta ni wa mwenye lupango, sanamu je?

Mtu anayetembea Makiso hadi Mangobo ao Kabondo anasoma kuta nyingi kuliko magazeti. Juu ya nyumba moja kumeandikwa kwa rangi nyekundu "Parcelle à ne pas vendre", yaani haiuzwi, mara nyingi kwa sababu watoto wa marehemu hawaelewani. Nyumba ya pili imepakwa rangi ya kampuni ya simu, toka msingi hadi juu. Mbele kidogo, kinyozi amechorewa vichwa vitatu vyenye mitindo ya nywele.

Kuta hizo zote ni za watu binafsi. Lakini mbele ya komini hazina nguvu sawa. Kampuni ya simu ina wakili, ina mhasibu, ina karatasi yenye muhuri. Kinyozi ana makasi na kioo. Ajenti wa kodi akisimama mlangoni na kusema vichwa vile ni "publicité", kinyozi atafanya nini? Atafute franga za kumaliza maneno, ao achukue chokaa afute.

Si kwamba mji hauna haki ya kuweka masharti. Unayo. Katiba, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu. Kifungu cha 46 kinalinda kazi ya sanaa, lakini papo hapo kinadai sheria, utulivu wa umma na tabia njema viheshimiwe. Na Kisangani inajua kwa nini. Tangu mwanzo wa 2023, Lubunga imezika watu katika ugomvi wa Wambole na Walengola, ulioanzia kwenye mambo ya udongo. Mtu akiandika juu ya ukuta wake maneno ya kuchochea kabila moja juu ya lingine, asijifiche nyuma ya "hapa ni lupango langu". Ukuta huo ufutwe asubuhi ileile.

Ila kichwa cha kinyozi hakichochei mtu. Wala mvuvi Wagenia na mitego yake, aliyechorwa kwenye ukuta wa nganda.

Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi huwekwa na sheria tu. Na kodi za jimbo, za mji na za komini zimeorodheshwa katika amri-sheria ya tarehe 13 Machi 2018. Basi anayedai feza aonyeshe mstari wenyewe kwenye orodha. Kampuni inayopaka nyumba ya mtu ili iuze vocha inafanya tangazo, ilipe. Sanamu ambayo mwenye nyumba ameigharamia kwa kupenda kwake ni kitu kingine. Kibao cha fundi ao cha kinyozi kiko katikati, na hapo ndipo mji unapaswa kuamua waziwazi, si kila ajenti kwa namna yake.

Kenya ilipitia jambo la namna hiyo na matatu, ambazo nazo ni mali ya watu binafsi. Mwaka 2004 serikali ilizilazimisha zote kubeba mstari wa manjano. Miaka kumi baadaye, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alitetea vijana wanaozichora. Miaka kumi ni mingi kwa kijana anayeishi kwa brashi. Chéri Samba, ambaye kazi yake ilionyeshwa Paris mwaka 1989, alianza Kinshasa kwa kuchora vibao vya biashara. Vibao vilevile ambavyo leo mtu anaviona kama uchafu wa mji.

Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kifaransa, Lingala na Swahili, ubandikwe mlangoni pa kila komini kati ya sita za Kisangani: tangazo ni nini, bei gani, nani anapokea, risiti gani inatolewa. Mchoraji aiweke nakala mfukoni kabla ya kupanda ngazi.