Kuhamisha Zizi, Si Kuhamisha Ahadi

Mzee wa Tarime mwenye ng'ombe 40 zizini aweza kuwaahidi wanawe watatu mahari ya ng'ombe 20 kila mmoja, wala asiitwe mwongo. Vijana hawaoi msimu mmoja, na ng'ombe huzaa. Taabu huja pale wote watatu wanapoleta wachumba kwa pamoja.

Ndivyo ifanyavyo programu ya LVM ya mfumo wa Linux inapogawa diski kwa ahadi. Tuchukue shule ya sekondari, iwe ya Tarime au ya Serengeti, yenye seva moja ya diski ya gigabaiti 1,000. Fundi hutenga humo hazina ya pamoja, na juu yake huunda volyumu tatu: ya alama za wanafunzi, ya maktaba na ya maabara, kila moja ikitangaziwa gigabaiti 800. Ahadi ni 2,400. Zilizokwisha kuandikwa, tuseme, ni 600.

Mimi sioni kosa katika ugawaji huo, kwani hakuna ajuaye mapema nani atajaza upesi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kamera 225 za mradi wa Snapshot Serengeti zilikusanya seti milioni 1.2 za picha kati ya Juni 2010 na Mei 2013. Seti 322,653 tu ndizo zilizokuwa na wanyama. Nyingi kati ya zilizobaki zilisababishwa na majani au joto. Nani angeyakadiria hayo?

Ninaloupinga ni ushauri utolewao diski inapozeeka: nunua kubwa zaidi, nakili kila volyumu baiti kwa baiti. Sehemu isiyoandikwa ikisomwa hurudisha sufuri, na sufuri hizo zikiandikwa katika hazina mpya huchukua nafasi ya kweli. Diski ya gigabaiti 2,000 itajaa kabla volyumu ya tatu haijakwisha, ingawa mali yenyewe ilikuwa 600. Ni kama mtu ahamaye akiswaga ng'ombe ambao hawajazaliwa.

Afadhali lihamishwe zizi lenyewe. Amri ya pvcreate huitayarisha diski mpya. Vgextend huiingiza katika kundi la zamani. Pvmove huhamisha hazina pamoja na metadata yake, yaani daftari lionyeshalo nafasi ipi ni ya volyumu ipi. Vgreduce huiondoa diski kuukuu. Ahadi hubaki ahadi, na walimu huendelea kuingiza alama wakati kazi ikifanyika. Umeme ukikatika katikati, jambo lisilo geni kwetu, pvmove ikiitwa tena bila kutajiwa diski huendelea kutoka alama ya mwisho iliyowekwa. Kwa shule zetu, sifa hiyo peke yake yatosha kuichagua.

Njia hii ni ya polepole, maana hubeba hata nafasi tupu za hazina, na diski mpya haiwezi kuwa ndogo kuliko hazina hiyo. Diski ya zamani ikiwa imeanza kuharibika, haifai. Nakala ya alama iwekwe kwanza nje ya seva, kwa vyovyote vile.

Kuna na jambo la mkuu wa shule. Hazina ikijaa, kwa kawaida Linux husubiri sekunde 60, kisha hukataa maandishi mapya. Hahitaji kuijua Linux ili aonyeshwe, kila Jumatatu, asilimia zinazotolewa na amri ya lvs: ya data, na ya metadata pia, ambayo yaweza kujaa ingali data ina nafasi.