Mwache binti akafundishe mantiki

Juzi baada ya ibada mama mmoja alinivuta pembeni. Binti yake amemaliza shahada ya kwanza ya falsafa, na sasa anataka kuendelea na masomo hadi awe mwalimu wa mantiki chuo kikuu. "Mchungaji, naomba umwombee abadili nia," akaniambia. Kuna watu wamemtisha kwa Wakolosai 2:8, kwamba falsafa itamnyang'anya mtoto imani.

Huenda nawe ni mzazi wa namna hiyo. Fungua Mathayo 21:23-27. Yesu anawauliza wakuu wa makuhani ubatizo wa Yohana ulitoka wapi, mbinguni au kwa wanadamu. Wanajadiliana. Wakisema mbinguni, wataulizwa mbona hawakumwamini. Wakisema kwa wanadamu, wanauogopa umati. Hoja yao imenyooka kabisa! Kisha wanajibu kwamba hawajui. Akili walikuwa nayo, walichokosa ni unyofu. Basi kosa lao tusiitwishe mantiki.

Isaac Watts, mchungaji ambaye nyimbo zake tunaziimba hadi leo, alichapisha kitabu cha mantiki mwaka 1724, nacho kikafundishiwa Oxford kwa miaka mingi. Hakuacha kumwimbia Mungu.

Nami nina sababu ya karibu zaidi. Umewahi kusikia mahubiri haya: kila aliyepona alikuwa ametoa sadaka, basi kila atakayetoa atapona. Mtu anarudi nyumbani, anauza kiwanja. Mwanafunzi wa mantiki wa mwaka wa kwanza angeliona pengo hapo. Kila mbuzi ana miguu minne, lakini si kila mwenye miguu minne ni mbuzi. Ni nani atakayewafundisha vijana wetu kuuliza swali hilo kabla kiwanja hakijauzwa?

Sikufichi, njia ni ndefu. Kuna shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, nafasi ni chache, na wenzake walioingia benki watajenga kabla yake. Nadhani hilo ndilo mama analoliogopa hasa, kuliko Wakolosai, wala simlaumu. Basi lizungumzwe kama lilivyo: ada, ufadhili, na zile seminari ambazo hufundisha falsafa kabla ya teolojia nazo zinahitaji walimu.

Binti anakuja kuniona Jumatano. Nimemwomba mama yake aje naye.