Anemoni Hana Pa Kuhamia

Waandishi wenzangu, leo msinionee haya, nitasema. Nimechoka na bahari ya kwenye mashairi yetu. Kila ukifunua ukurasa bahari ni buluu, mawimbi yanabembeleza, mpenzi kakaa Forodhani anangoja. Na mie ni mkosa vile vile: skuli nimeishia fomu foo, riwaya ninayohangaika nayo ilianza kwa bahari hiyo hiyo.

Mpaka siku moja maji yametoka, nikashuka pwani ya Mji Mkongwe. Bomba linatema maji ya vyooni, mchana kweupe. Mbele kidogo, kwenye kidimbwi cha mwambani, nikamwona anemoni kaumata uzi wa nailoni.

Anemoni si ua, ingawa kafanana nalo. Ni mnyama, jamaa wa matumbawe. Kajibandika mwambani, ana vijikono laini vyenye sumu vya kunasia uduvi na visamaki. Tundu lake moja tu: chakula kinaingilia hapo, uchafu unatokea hapo hapo. Baadhi yao wana jiko la pili: mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwao na kuwapikia sukari kwa mwanga wa jua.

Sasa sie tunafanya nini? Maji ya vyooni ni mbolea. Mwani mdogo wa majini unazidi, maji yanakuwa mazito, mwanga haupiti, jiko la jua linafifia. Joto likizidi, kama 1998 na 2016 matumbawe yetu yalipopauka, mwani wenyewe unatoka mwilini. Hapo mnyama kabakiwa na vijikono vyake tu. Na vijikono vinanasa kinachopita.

Utafiti mmoja wa 2019 ulijaribu kuwapa anemoni nyuzi ndogo za plastiki. Waliopauka walimeza nailoni tupu kuliko wenye mwani wao. Nyuzi zilipochanganywa na uduvi, wengi wa pande zote mbili walimeza, na waliopauka walichelewa zaidi kuzitema. Wazee walishasema: mwenye njaa hana miiko.

Najua nitajibiwa: "Watu hawana unga, wewe unamlilia mdudu wa baharini!" Haya, basi tuseme habari za watu. Mama anayeshuka maji yakitoka kuokota chaza, anaokota wapi? Pweza wa Forodhani katoka bahari gani? Mwaka 1995 jarida la Ambio lilitoa utafiti uliofanywa hapa hapa Unguja: karibu na maji machafu ya mji, mwani wa chokaa, ule unaoyashika matumbawe kama saruji, ulikuwa umepungua. Nyumba ya pweza ndiyo hiyo inayolegea, na chungu cha mama yule kinategemea nyumba hiyo.

Tangu 2000 Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Milango ya nakshi tumeipiga picha mpaka imechoka. Mabomba nani kayapiga picha? Wakubwa wana lawama yao, wasafishe maji kabla ya kuyamwaga. Lakini sie wenye kalamu tumelifukizia udi bomba, tukaita mapenzi.

Anemoni akiona mambo magumu hana pa kuhamia, atakula tutakachomletea. Na sie kisiwa hichi hichi ndicho chetu. Riwaya yangu nimeichana sura ya kwanza. Mpya inaanzia kwenye bomba. Wenzangu, nyinyi mtaanzia wapi?