Mbegu Hii Ni ya Nani?



Kila msimu wa kupanda unapokaribia katika wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa, swali la mbegu hurudi katika mazungumzo ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Wapo wanaosema kwamba mbegu zilizobadilishwa vinasaba, ambazo wengi huziita GMO, ni sumu iliyotumwa ili Waafrika wasizae. Wapo wanaosema ni wokovu, na kwamba anayezikataa anaipenda njaa. Juma hili tunasema wazi kwamba pande zote mbili zinamkosea mkulima, kwa kuwa zote mbili zinamsahaulisha swali lililo lake: mbegu hii ni ya nani, na ikishindwa, nani atalipa hasara?

Tuanze na wanaotisha. Kubadilisha vinasaba ni kuchukua sehemu ya urithi wa kiumbe kimoja na kuiingiza katika kiumbe kingine. Mahindi yaliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia Oktoba 2016 yaliwekewa kinasaba cha bakteria wa udongo ili yastahimili ukame. Mazao ya namna hii yamekuwa sokoni duniani tangu miaka ya 1990, na taasisi kubwa za sayansi zilizoyachunguza hazikukuta kwamba yale yaliyoruhusiwa ni ya hatari zaidi kwa mlaji kuliko mazao ya kawaida. Basi Mkristo anayesambaza habari za utasa bila ushahidi anaikosea amri ya nane, hata kama nia yake ni kuwalinda wenzake. Tena anawasaidia wale wale anaodhani anawapinga, maana hoja ya uongo ikishavunjwa, hoja za kweli nazo hudharauliwa pamoja nayo.

Sasa tuwageukie wanaoahidi wokovu. Sisi wa Nachingwea hatuhitaji kusafiri mbali ili kujua ahadi za namna hiyo huishia wapi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Bandari ya Mtwara na reli ya kufika Nachingwea vilijengwa kwa ajili hiyo. Januari 1951 mradi uliachwa, na takribani pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli nayo ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo tumebaki na majina kama Farm 17. Mradi ule haukuanguka kwa sababu karanga ni zao baya, kwani karanga tunazilima hadi leo. Ulianguka kwa sababu watu wa mbali waliamua juu ya udongo na mvua wasivyovijua, bila majaribio ya kutosha na bila kumsikiliza mwenyeji. Hata hivyo hasara ile ilibebwa na hazina ya Uingereza. Hasara ya mkulima wa ekari 2 wa Ruangwa hubebwa na sahani za watoto wake.

Mfano wa karibu zaidi ni Burkina Faso. Kuanzia mwaka 2008 wakulima wa huko walipanda kwa wingi pamba iliyobadilishwa vinasaba ili ipambane na wadudu. Kwa wadudu ilifanya kazi, na unyunyiziaji wa dawa ulipungua. Lakini nyuzi zake zilitoka fupi kuliko zile zilizoipa pamba ya nchi hiyo sifa sokoni, na mwaka 2016 sekta ya pamba ya nchi hiyo iliachana nayo na kudai fidia kwa mwenye teknolojia. Walikuwa na makampuni na wanasheria wa kudai. Je, mama mwenye shamba la mahindi kijijini atamdai nani?

Hapo ndipo sheria inapopaswa kutuhangaisha. Kanuni zetu za mwaka 2009 zilimbebesha anayeingiza mazao haya dhima ya madhara hata pasipo kuthibitishwa kosa lake. Mwaka 2015 kanuni hizo zililegezwa kwa ajili ya utafiti. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimamishwe na masalia yake yaharibiwe, na Januari 2021 Waziri Adolf Mkenda akayakataa tena. Wengi walishangilia. Nasi hatukuhuzunika. Lakini tunauliza: baada ya shangwe, mkulima wa Ruangwa alipata mbegu gani bora zaidi? Marufuku haioti shambani. Anayekataa mbegu ya mwenzake bila kuandaa ya kwake ameahirisha utumwa tu, hajaukataa.

Watatujibu kwamba mbegu ya Makutupora ingetolewa bila malipo ya hataza. Ni kweli, makubaliano ya mradi ule yalikuwa hivyo. Lakini yale yalikuwa mahindi chotara, na chotara hupoteza nguvu ukipanda tena mavuno yake, hivyo mkulima angerudi dukani kila mwaka. Tuseme haki pia: chotara za kawaida zilizojaa madukani zina mzigo huo huo, na hazihusiani na GMO. Vilevile sheria ya mwaka 2012 ya haki za wagunduzi wa aina za mimea, na Tanzania kujiunga na UPOV mwaka 2015, vinampa mgunduzi miliki juu ya aina mpya na kupunguza uhuru wa mkulima wa kuiuza au kubadilishana na jirani. Kwa hiyo anayepiga kelele juu ya kinasaba na kunyamaza juu ya miliki anaufukuza moshi na kuuacha moto.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 47, kinasimulia jinsi Wamisri walivyofika kwa Yosefu wakati wa njaa. Fedha ziliisha, wakatoa mifugo. Mifugo ikaisha, wakatoa ardhi na miili yao. Ndipo wakapewa mbegu, na tangu hapo sehemu moja ya tano ya mavuno ikawa ya Farao. Hawakufa njaa, lakini hawakuwa tena watu huru. Wahenga wetu walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kanisa halikulaani sayansi. Katika Laudato Si', mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alikiri kwamba ni vigumu kutoa hukumu moja juu ya mazao haya yote. Lakini alionya juu ya ardhi kuangukia mikononi mwa wachache na wakulima wadogo kusukumwa pembeni.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, mbegu yoyote ya vinasaba isiingie mashambani kwetu mpaka sheria itamke kwamba aliyeileta ndiye atakayelipa madhara yake. Pili, haki ya mkulima mdogo ya kuhifadhi na kubadilishana mbegu ilindwe kwa maandishi. Tatu, mbegu zetu zitufikie. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimetoa karanga aina ya Pendo na Nachingwea 2009, na ufuta wa Lindi 02 na Mtwara 09, mbegu ambazo mkulima anaweza kuzitunza na kuzipanda tena. Vikundi vyetu vinaweza kusajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, chini ya ukaguzi wa TOSCI. Wanachama wa AMCOS walio chini ya RUNALI, mnapokaa kujadili bei ya ufuta na korosho, ulizeni pia ni kiasi gani cha makato yenu kinarudi kuwa mbegu. Wawakilishi wenu wajibu kwa takwimu.

Mwenyezi Mungu, aliyeipa kila mbegu uwezo wa kuzaa, awape wakulima wetu mvua ya kutosha na moyo wa kuuliza bila woga. Amina.