Besi Nne Zilizojifunza kwa Nyatiti

Besi kubwa, yaani ala ya nyuzi nne ambayo mpigaji huisimamisha na kuipiga kwa upinde au kwa kudonoa nyuzi kwa vidole, ina makazi ya zamani Afrika Mashariki katika vikundi vya taarabu vya Zanzibar, kikiwemo Culture Musical Club kilichoanzishwa mwaka 1958. Hata hivyo, mwanafunzi wa ngazi ya kati, aliyekwisha kumudu sehemu ya juu ya shingo ya ala lakini hajafikia mahali ambapo hata kidole gumba hubana uzi, mara nyingi huandikiwa noti ndefu za kujazia tu, kana kwamba mkono usiofika mbali hauna la kusema. Toleo hili la vipande vya besi nne linaipinga dhana hiyo, na linaipinga kwa ushahidi wa Uriri, Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya.

Katika ukanda huo, unaovuka mpaka wa Tanzania hadi eneo la Shirati alikozaliwa mwanamuziki Daniel Owino Misiani, muziki wa benga ulikua kwa magita yaliyofuata mapigo ya nyatiti, kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane, na gita la besi humo halisindikizi tu bali hujibizana na gita la kuongoza. Mpiga nyatiti huimba, hudonoa nyuzi, na papo hapo hugonga ala kwa oduong'o, pete ya chuma iliyovaliwa kwenye kidole cha mguu. Kazi hizo zikigawanywa kwa wapigaji wanne wa besi, mmoja akigonga ubao, wawili wakipokezana vifungu vifupi vinavyorudiwa na wa nne akishika uimbaji kwenye uzi mwembamba, hakuna mkono unaolazimika kwenda mbali, na hakuna mpigaji anayekaa bure.

Mtunzi asisahau kwamba sauti mbili nzito zilizokaribiana mno hugeuka ngurumo isiyo na sura, hivyo besi za chini ziachane kwa oktavu au kwa noti ya tano, na uangavu utafutwe juu, kwa mfano kwa kuugusa uzi katikati bila kuukandamiza, jambo linalopandisha sauti yake oktavu nzima.

Besi kubwa ni adimu mashambani, lakini gita la besi, linalopatikana katika bendi na makanisa mengi, hufungwa nyuzi zake kwa sauti zilezile nne, kuanzia E, A, D hadi G, na husoma noti zilezile, kwa hiyo kila kipande kinachotetewa hapa kinaweza kuanza kufanyiwa mazoezi Uriri kabla besi ya kwanza haijafika.