Msamaha wa Nini?

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaona jambo lile lile kwenye televisheni. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Wengine wanafuata na silaha za jadi na mashada ya maua. Tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya, viongozi wa dini wanaomba. Kisha wageni wanarudi kwenye magari yao, na wazee waliopigana wanarudi kwenye foleni za zahanati. Sina ugomvi na mkuki wala ngao. Ugomvi wangu ni na tarehe 26 Julai.

Nitazungumzia kundi moja tu la wazee hao: wanamgambo wa Vita vya Kagera. Kijana wa Mwanza akisikia neno mgambo leo, anayemjia kichwani ni mtu mwenye kirungu anayefukuza machinga Makoroboi. Zamani neno hilo lilikuwa na uzito mwingine. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote, ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda nchi. Vijijini kwetu mtu alikuwa anapalilia pamba asubuhi, jioni anapiga kwata na bunduki ya mti.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivuka mpaka. Lilichoma nyumba, likaswaga ng'ombe, na mwanzoni mwa Novemba likalivunja daraja la Kyaka. Wakati huo Tanzania ilikuwa na wanajeshi wasiozidi 40,000. Katika miezi michache idadi hiyo ilipita 100,000. Pengo lilijazwa na polisi, askari magereza, vijana wa JKT, na wanamgambo wapatao 40,000. Isome tena namba hiyo ya mwisho. Wanamgambo peke yao walikaribia kulingana na jeshi zima la siku za amani.

Wala hawakwenda kuchota maji na kupika. Machi 1979, pale Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, Brigedi ya 201 ilikuwa imejaa wanamgambo ambao hawakuwa wamewahi kuona vita. Walipigwa na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, safu yao ikavunjika, wakarudi nyuma. Kesho yake walijipanga upya pamoja na Brigedi ya 208, wakarudi mbele na kuuchukua mji. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka.

Wasomaji wa Mwanza wasidhani haya yalikuwa mambo ya Bukoba tu. Ndege za Amin zilikuwa zimekwisha kuupiga mji huu mabomu mwaka 1972. Mwaka 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev ilitumwa kulipua matangi ya mafuta hapa mjini. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Leo tunapanda boti kwenda kisiwa hicho kupiga picha. Tunaweza kufanya hivyo kwa sababu kuna watu walikwenda kuifuata hiyo vita ng'ambo ya mpaka kabla haijatufikia.

Sasa, vita vilipokwisha, walirudi watu wa aina mbili. Mwanajeshi wa kudumu alirudi kambini. Ana namba ya jeshi, ana jalada, na alipostaafu akapata pensheni ya Hazina. Sisemi kwamba maisha yake ni mteremko. Nasema ana pa kuanzia anapodai. Mwanamgambo alirudi kwenye jembe na nyavu. Pensheni huhesabiwa kwa miaka ya utumishi, naye alitumika miezi. Kwenye hesabu hiyo hayumo.

Babu yangu, mzaa mama, ni mmoja wao. Alichukuliwa kijijini kwao Sengerema Novemba 1978 akiwa na miaka 23, akaletwa Mwanza, akapandishwa meli kwenda Bukoba. Alirudi mwishoni mwa mwaka uliofuata na vitu viwili ambavyo hakuondoka navyo: sikio la kushoto lisilosikia, kwa sababu alikaa karibu mno na mitambo ya roketi ambayo Waganda waliiita Saba Saba, na kipande cha chuma kwenye paja. Daktari wa jeshi alimwambia kiache, hakina madhara. Kwa miaka mingi hakikuwa na madhara. Siku hizi usiku hakimpi usingizi.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka hospitali moja ya serikali. Dada wa dirishani akamuuliza kama ana bima. Akajibu hana. Akamuuliza, "Basi ni msamaha?" Babu hakusikia. Nikarudia kwenye sikio lake zima: "Babu, wanauliza kama wewe ni wa msamaha." Akanitazama, akamtazama yule dada, akasema, "Kwani nimemkosea nani, binti yangu?"

Watu kwenye foleni walicheka, na dada wa watu akacheka pia, bila ubaya. Mimi swali lile limenikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu kila anayekwenda hospitali zetu analijua neno hilo. Sera yetu ya afya inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Ni sera nzuri. Dirisha la wazee lipo, na bango la kutaka mzee apishwe lipo. Lakini jina la mlango huo ni msamaha, na sharti la kuuingia ni kuthibitisha kwamba hujiwezi. Babu aliambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji kwamba yeye ni mtu asiyejiweza. Ana shamba, ana ng'ombe wanne. Alikataa kuandikiwa barua hiyo. Tukalipa fedha taslimu, tukaandikiwa dawa za maumivu, tukaenda kuzinunua nje.

Utasema ni kiburi cha mzee. Mimi nasema ni hesabu sahihi. Msamaha hutolewa na anayedai kwenda kwa anayedaiwa. Mtu aliyeumizwa akitekeleza amri ya nchi hadaiwi kitu kwenye dirisha lile. Anadai. Nchi hii inaijua vizuri kanuni hiyo. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake, WCF, ulioanza kazi 2015. Dereva wa lori akivunjika mguu kazini leo, hakuna anayemtaka athibitishe ufukara. Anaulizwa aliumia wapi na lini. Kwa nini aliyeumia Lukaya aulizwe ana ng'ombe wangapi?

Hapo ndipo linapokuja suala la karatasi. Tulipojaribu njia nyingine, ofisi moja ilitaka namba ya utumishi. Nyingine ikataka barua ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Barua ya babu ililiwa na mchwa miaka ya themanini, pamoja na kadi yake ya TANU na stakabadhi za pamba. Tukaambiwa bila karatasi hakuna cha kufanya. Lakini mwaka 1978 alipochukuliwa, nani alimwomba karatasi? Serikali ilimfikia kupitia balozi wa nyumba kumi, aliyejua kwa jina nani kijijini amefundishwa kwata. Ilimpata kwa siku moja. Kumbukumbu za nani alipelekwa wapi, kwa kikosi gani, alikuwa nazo aliyempeleka. Iweje leo mzigo wa kuzitafuta uwe wa aliyepelekwa?

Jambo hili limewahi kutokea papa hapa Mwanza, tena mikononi mwa watu ambao hatuna sababu ya kuwasifu. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo askari Waafrika waliolitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Ubalozi wao Dar es Salaam uliwatambua wazee wapatao 350, na ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu. Husimuliwa kwamba mwenye fedha akapata wazo: kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki na kufanya mazoezi ya silaha. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Wale walikuwa askari wa mkoloni, na vita vile viliwaua kwa njaa na mzigo Waafrika wengi wasiokuwa na ugomvi na yeyote. Siwaonei wivu, na malipo yao hayamsafishi mtu. Ninachokitazama ni tarehe. Vita vyao vilikwisha 1918 na fedha zikaja 1964, yaani miaka 46. Vita vya Kagera vilikwisha 1979. Miaka 46 ilitimia 2025. Kwa hiyo hata kipimo kile cha aibu, cha mkoloni aliyechelewa karibu nusu karne, sisi tumekipita kwa watu wetu wenyewe.

Marekani nayo ina fundisho. Julai 1973 moto uliteketeza majalada ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18 kwenye ghala la kumbukumbu la St. Louis. Serikali haikusema moto umemaliza madai. Ushahidi mwingine unapokelewa, pamoja na maandishi ya wenzake aliokuwa nao kikosini. Na kanuni yao inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka imnufaishe mpiganaji. Wapiganaji wao bado wana malalamiko mengi juu ya foleni na ucheleweshaji. Lakini kanuni hiyo inaeleza mzigo ni wa nani.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: fedha hazipo. Tufanye hesabu. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wamebaki wazee 10,000. CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya kwa mwaka. Hiyo ni milioni 300. Ukitaka bima nzito mara tano, ni bilioni moja na nusu, na kila mwaka idadi inapungua kwa sababu tunazozijua. Nchi iliyotoa zaidi ya bilioni 700 tuvuke kwa daraja kutoka Kigongo hadi Busisi, na ninalifurahia daraja hilo kila ninapokwenda kumwona babu, haiwezi kusema imeshindwa na hiyo.

La pili: matapeli watajitokeza. Watajitokeza. Walijitokeza pia kwenye mishahara hewa na pembejeo, na hakuna aliyefuta mishahara. Tena hawa ni rahisi kuwahakiki. Mzee aliyekuwa kule anajua kikosi chake, jina la kamanda wake, walivuka wapi, nani alikufa karibu yake. Waweke watatu wa kikosi kimoja chumba kimoja, mwongo atajulikana kabla chai haijapoa.

La tatu ndilo zito: kila mzee wa nchi hii aliijenga, kwa nini hawa wapewe mlango wao? Nakubali kila mzee atibiwe, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaweka utaratibu wa kuwalipia wasio na uwezo. Lakini bibi yangu aliyebaki akilima hakupigwa na chuma kwa amri ya serikali. Babu alipigwa. Huruma ni ya wote. Fidia ni ya aliyeumizwa.

Wabunge wameliuliza suala la wapiganaji hawa bungeni zaidi ya mara moja. Basi tuache kuuliza, tudai mambo matatu. Kila kata ya Kanda ya Ziwa, kisha nchi nzima, ifungue daftari la wanamgambo waliokwenda vitani, ushahidi wa wenzao watatu utoshe, na majina yabandikwe ofisi ya kata kwa siku 30 ili mwenye pingamizi aseme. Jeshi lifungue kumbukumbu zake na kuzilinganisha na daftari hilo, na pale kumbukumbu zinapokosekana, shaka imnufaishe mzee. Kila aliyeandikwa apewe kadi ya bima inayolipiwa na fungu la ulinzi, isiyokuwa na neno msamaha popote.

Na wewe unayesoma una kazi ambayo haihitaji bajeti. Kama una babu aliyekwenda, mrekodi wiki hii kwa simu yako: kikosi, kamanda, njia, mwezi, majina ya wenzake. Yaandike kwenye karatasi mbili. Moja mpelekee mtendaji, akugongee muhuri kwamba ameipokea. Ya pili ibaki kwenye sanduku lisilofikiwa na mchwa. Kule Kaboya, Muleba, wamelala wenzao zaidi ya 600, kila mmoja na kaburi lake. Wale waliokufa tuliweza kuwahesabu. Waliorudi hai tumewaacha bila daftari, na wengine wako kwenye foleni asubuhi ya leo.