Paa la Gereji na Pumzi ya Kibarua



Ndugu waamini na viongozi wa walei,

Gereji ya nyumba ya mapadre hapa Pugu inavuja. Kuta zake ni mabamba ya zege yaliyofyatuliwa kwingine na kuja kuunganishwa hapa. Paa lake ni la yale mabati ya kijivu ya saruji yaliyochanganywa na asbesto. Kamati ya ujenzi imepokea makadirio mawili. La kwanza ni rahisi: vibarua wawili, nyundo mbili, siku moja. La pili limezidi kwa sababu fundi ameandika barakoa, maji, karatasi nzito za nailoni na gari la kubebea taka. Kikaoni mtu alisema, “Padre, hili ni banda la gari tu.” Nami nilinyamaza. Leo nakiri kwamba ukimya wangu ulikuwa kosa.

Asbesto ni nini? Ni jiwe lenye nyuzi nyembamba mno, lililochanganywa na saruji ili bati liwe imara. Bati likiwa zima na kuachwa lilivyo, hatari yake ni ndogo. Likigongwa kwa nyundo, likikatwa kwa msumeno au likitupwa chini, nyuzi zake huruka, zikavutwa kwa pumzi na kubaki mapafuni. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata 40. Ndiyo maana hoja ya kwamba “limekaa miaka yote na hakuna aliyekufa” haina uzito. Kibarua wa leo ataugua wakati kamati hii imekwisha kusahauliwa, wala hapatakuwa na daftari lenye jina lake.

Dunia imekwisha kujifunza somo hili kwa machozi. Katika mji wa Casale Monferrato, Italia, kiwanda cha mabati ya namna hii kilifanya kazi tangu 1907 hadi 1986. Waliokufa hawakuwa wafanyakazi peke yao, bali hata wake waliofua nguo zao, na majirani ambao hawakukanyaga kiwandani kamwe. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku asbesto tangu 2005; Afrika Kusini, iliyokuwa ikiichimba, iliipiga marufuku mwaka 2008.

Wengine watasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Sivyo. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini hata kabla ya sheria hizo tulikuwa na Neno la Mungu. Kumbukumbu la Torati 22:8 humwagiza ajengaye nyumba azungushe ukingo darini, asije akaleta hatia ya damu nyumbani mwake mtu akianguka. Mungu hakuuliza kama nyumba ile ilikuwa ya mfalme au ya gari. Aliuliza nani atakuwa juu yake.

Basi tuseme ukweli: nafuu ya kadirio la kwanza si nafuu. Ni deni tunalolihamishia kifuani mwa mtu asiye na mkataba, ambaye hawezi kukataa kazi kwa sababu watoto hawajala. Huo ni ujira wa dhuluma, hata kama amelipwa jioni ileile.

Kuna dhambi ya pili: kuwagawia maskini mabati yaliyong’olewa, wakaezekee jiko au banda la kuku, nasi tukaiita sadaka. Wahenga walisema, vya bure ghali.

Kwa hiyo yatupasa kufanya haya. Tuwaulize wakaguzi wa usalama kazini na wa mazingira kabla ya kugusa msumari. Mtu asikanyage mabati hayo, maana huvunjika ghafla na chini ni sakafu ya zege; asimame juu ya mbao au jukwaa. Yaloweshwe maji, yafunguliwe mazima, yateremshwe polepole. Wafanyakazi wavae barakoa zenye kichujio, si kitambaa. Nguo zao zisipelekwe nyumbani kufuliwa. Mabaki yafungwe kwa nailoni maradufu na kuzikwa mahali palipoidhinishwa, si kutupwa korongoni. Na fedha zisipotosha, gari lilale nje. Gari halina mapafu.

Hapa Pugu tunaheshimu kumbukumbu ya wamisionari Wabenedikto waliouawa Januari 1889. Tutaheshimuje damu ya waliotutangulia, huku tukidharau pumzi ya walio hai?

Kamati inakutana tena. Safari hii sitanyamaza, nanyi msininyamazie.